Pumzi Kukatika Usingizini: Kipimo cha Nyumbani au cha Maabara?

Anayekoroma hajisikii. Anayejua ni mwenzi wake wa chumbani, mtoto anayelala upande wa pili wa ukuta, au mwanafunzi mwenzake wa bweni. Ndiyo maana mwenye tatizo la pumzi kukatika usingizini aghalabu hafiki zahanati kwa hiari yake. Hupelekwa na mke au mume aliyechoka kuamka usiku kusikiliza kama mwenzake bado anapumua. Maelezo yanayotolewa mbele ya mganga hufanana: koromo hupanda, hukatika ghafla, kimya hutanda kwa sekunde kumi, ishirini au zaidi, kisha mlalaji hushtuka kwa mkoromo mzito kama mtu aliyeibuka kutoka majini, hugeuka upande na kuendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote. Anachokijua ni kichwa kizito, kinywa kikavu na usingizi unaomrudia mchana akiwa kazini, akiwa ibadani au, kwa bahati mbaya, akiwa ameshika usukani.

Hali hiyo kitaalamu huitwa apnia ya usingizi. Kwa wagonjwa walio wengi chanzo chake ni koo: misuli hulegea mtu anapolala, njia ya hewa ikajifunga, na kifua kikaendelea kuhangaika kuvuta hewa isiyopita. Kwa wachache koo liko wazi, lakini ubongo hautoi amri ya kupumua. Aina hii ya pili huambatana zaidi na moyo ulioshindwa kufanya kazi sawasawa, kiharusi, na matumizi ya dawa za maumivu za jamii ya afyuni kama mofini. Katika aina zote mbili, pumzi inapokatika oksijeni katika damu hushuka, moyo hushtuliwa, na ubongo huamshwa kwa sekunde chache bila mhusika kutambua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kuwa watu wazima milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo la koo kujifunga usingizini, na kati yao milioni 425 wanalo kwa kiwango cha kati au kikali.

Hofu ya wengi ni kufa usingizini. Madhara yanayokutwa zaidi hospitalini ni ya polepole: shinikizo la juu la damu lisilotulia hata mgonjwa akimeza dawa tatu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi, na kisukari kinachosumbua kudhibitiwa. Kisha ipo ajali ya barabarani, ambayo haichukui miaka kutokea. Dereva wa lori au wa bodaboda anayesinzia kwa sekunde tatu tu anaweza kudhuru watu ambao hata hawamfahamu.

Tatizo hili hutibika, lakini kabla ya matibabu lazima lipimwe, na hapo ndipo mkazi wa kata hukutana na chaguo lisilo jepesi. Kipo kipimo kinachofanyika nyumbani kwa kifaa kidogo cha kuazima, na kipo kinachomtaka mgonjwa alale usiku mzima katika maabara ya usingizi. Huduma hizi zipo katika hospitali kubwa chache za mijini, na kwa mkazi wa wilayani njia ya kuzifikia ni rufaa. Anayechagua vibaya hupoteza nauli na muda, na mara nyingine huondoka na jibu lisilo sahihi.

Safari huanzia zahanati

Kabla ya kufikiria kifaa chochote, mtu anahitaji kujua kama yumo katika kundi la hatari. Kwa kazi hii zahanati na kituo cha afya vinajitosheleza. Dodoso linalotumika zaidi duniani lina maswali manane na lilibuniwa Toronto, Kanada, likachapishwa mwaka 2008. Linauliza kama mtu hukoroma kwa sauti kubwa, kama huchoka au kusinzia mchana, kama kuna aliyemshuhudia akikatika pumzi, na kama ana shinikizo la juu la damu. Huongeza mambo manne ya mwili: uwiano wa uzito na urefu unaozidi 35, umri unaozidi miaka 50, shingo yenye mzunguko unaozidi sentimita 40, na kuwa mwanamume. Jibu la ndiyo huhesabiwa alama moja. Mwenye alama 0 hadi 2 yuko katika hatari ndogo, mwenye 3 au 4 katika hatari ya kati, na mwenye 5 na kuendelea katika hatari kubwa. Vifaa vinavyohitajika ni mizani, mashine ya kupima shinikizo la damu na tepu ya fundi cherehani.

Dodoso la pili, lililotungwa na Dkt. Murray Johns wa Australia mwaka 1991, hupima usinziaji wa mchana. Mtu huulizwa uwezekano wa kusinzia katika mazingira manane ya kawaida, kama vile akisoma, akiwa abiria kwenye gari kwa saa nzima, au akiwa amekaa kimya baada ya chakula cha mchana. Alama za juu kabisa ni 24, na anayezidi 10 anahesabiwa kuwa na usingizi wa mchana uliopita kiasi.

Dodoso hupima hatari na halithibitishi ugonjwa. Mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, unaofuatwa na nchi nyingine pia, unaeleza wazi kuwa dodoso pekee lisitumike kumwambia mtu kuwa anao ugonjwa au hana. Hali kadhalika, programu za simu na saa za mkononi zinazodai kupima usingizi haziwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha hospitali. Simu, hata hivyo, ina kazi moja muhimu. Mjane, mseja au mtu anayeishi peke yake hana wa kumshuhudia usiku. Akiiweka simu kando ya mto ikirekodi sauti kwa saa moja au mbili, atakuwa na ushahidi wa kumsikilizisha mganga.

Wanawake wanastahili kutajwa mahsusi hapa. Wengi wao hawaji na malalamiko ya kukoroma. Huja wakilalamikia uchovu usiokwisha, maumivu ya kichwa ya asubuhi au kuamka mara kwa mara usiku, na hurudi nyumbani na vidonge vya damu au ushauri wa kupunguza mawazo. Hatari huongezeka baada ya kukoma hedhi. Mwanamke anayejiona katika maelezo haya anayo haki ya kuomba aulizwe maswali yaliyotajwa hapo juu.

Kila kipimo kinaona nini

Kifaa cha nyumbani hupima kupumua. Kwa kawaida kina mrija laini unaokaa puani kuhisi hewa inayoingia na kutoka, mkanda wa kifuani unaoonyesha kama kifua kinajitahidi kuvuta hewa, na kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni na mapigo ya moyo. Mgonjwa huelekezwa namna ya kukivaa, hulala nacho kitandani kwake, na asubuhi hukirudisha ili kumbukumbu zake zisomwe na daktari. Kifaa hutumia betri, hivyo umeme ukikatika usiku kipimo hakiharibiki. Chandarua nacho si kikwazo.

Maabara hupima kupumua na kulala kwa pamoja. Mbali na vipimo vilivyotajwa, vibandiko vyenye nyaya nyembamba huwekwa kichwani kusoma mawimbi ya ubongo, kando ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni. Kamera hurekodi mkao wa mlalaji, na mtaalamu hukaa chumba cha jirani usiku kucha akifuatilia. Waya ukichomoka saa tisa usiku, mtaalamu huingia na kuurudisha. Nyumbani mrija wa puani ukichomoka saa tano, hakuna atakayejua hadi asubuhi, na huenda usiku mzima ukawa umepotea.

Tofauti kubwa kati ya vipimo hivi imejificha katika hesabu. Ukali wa ugonjwa hupimwa kwa idadi ya mara ambazo pumzi hukatika au kupungua, kila mara kwa muda usiopungua sekunde 10, katika kila saa moja. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 kwa saa ni hali ya kawaida. 5 hadi 14 ni ugonjwa mwepesi. 15 hadi 29 ni wa kati. Na 30 au zaidi ni mkali. Maabara huona katika mawimbi ya ubongo ni lini mtu alilala kweli, hivyo hugawanya kwa saa za usingizi. Vifaa vingi vya nyumbani haviwezi kutambua usingizi. Hugawanya kwa saa zote vilizorekodi, zikiwemo zile ambazo mtu alikuwa macho akihesabu mabati.

Chukulia mgonjwa aliyevaa kifaa kwa saa 8 lakini akalala saa 5 tu, na pumzi yake ikakatika mara 32. Kifaa cha nyumbani kitagawanya 32 kwa 8 na kupata 4, yaani hana ugonjwa. Maabara ingegawanya 32 kwa 5 na kupata 6.4, yaani anao. Mtu ni yuleyule, na usiku ni uleule. Zaidi ya hayo, zipo pumzi zinazopungua na kuushtua ubongo bila kushusha oksijeni kwa kiasi cha kutosha. Kifaa kisichosoma mawimbi ya ubongo hakizihesabu kabisa. Kwa sababu hizi kifaa cha nyumbani huelekea kupunguza ukubwa wa tatizo kuliko kuukuza. Kikisema ugonjwa upo, kwa mtu mwenye dalili za wazi, jibu hilo linaaminika. Kikisema haupo, jibu hilo halitoshi. Mwongozo wa 2017 unaagiza kwamba mtu mwenye dalili ambaye kipimo chake cha nyumbani kimeonyesha hana ugonjwa, au hakikutoa jibu la kueleweka, apelekwe maabara.

Kuna jambo jingine linalowahusu Waafrika moja kwa moja. Kibanio cha kidoleni hupitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huathiri usomaji wake. Mwezi Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu wagonjwa wa hospitalini ambao kibanio kilionyesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96. Damu yao ilipopimwa moja kwa moja kutoka kwenye mshipa, takribani wagonjwa weusi 12 katika kila 100 walikuwa na oksijeni iliyo chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa weupe walikuwa takribani 4 katika kila 100. Utafiti huo haukuhusu usingizi, lakini kibanio ni cha aina ileile. Maabara nayo hukitumia, ila ina njia nyingine za kulinganisha. Kipimo cha nyumbani hukitegemea zaidi, na kile cha kibanio peke yake, ambacho baadhi ya hospitali hukitumia kuchuja wagonjwa kwa gharama nafuu, hakina kingine cha kutegemea.

Nani apime wapi

Anayefaa kupimwa nyumbani ni mtu mzima mwenye dalili za wazi na hatari kubwa, asiye na ugonjwa mwingine mzito. Mfano wake ni dereva wa miaka 52, mnene, mwenye shingo nene na shinikizo la damu, anayekoroma hadi majirani wanalalamika, na ambaye mkewe amemshuhudia akikatika pumzi. Kwa mtu kama huyu kifaa cha nyumbani kinatarajiwa kuthibitisha kile ambacho kila mtu anakishuku. Kumsubirisha miezi apate nafasi ya maabara, huku akiendelea kuendesha gari, kungekuwa kosa.

Wapo ambao kifaa cha nyumbani hakiwafai tangu mwanzo. Hao ni wenye ugonjwa mkubwa wa moyo au wa mapafu, waliowahi kupata kiharusi, wenye magonjwa yanayodhoofisha misuli ya kupumua, wanaotumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni kwa muda mrefu, na wenye tatizo kali la kukosa usingizi. Kwa makundi haya huenda chanzo si koo bali ubongo, au hewa inayoingia ni ndogo hata bila pumzi kukatika, na kifaa rahisi hakiwezi kutenganisha mambo hayo kwa uhakika. Mwenye kukosa usingizi ana kikwazo kilichoelezwa kwenye hesabu: kadiri anavyokaa macho, ndivyo kifaa kinavyomwonyesha kuwa mzima. Mgonjwa amweleze daktari magonjwa na dawa zake zote, zikiwemo anazonunua mwenyewe duka la dawa, maana barua ya rufaa isiyotaja kiharusi cha miaka mitatu iliyopita inaweza kumpeleka kwenye kipimo kisicho chake.

Watoto ni habari nyingine. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi, anayetokwa jasho na kugaagaa kitandani, aliyeanza upya kukojoa kitandani, au ambaye mwalimu analalamika kuwa hatulii darasani, anaweza kuwa na mafindofindo au nyama za puani zilizokua na kuziba njia ya hewa. Wazazi wengi husubiri akue yaishe, na wengine huongeza viboko, jambo ambalo halijawahi kufungua koo la mtoto yeyote. Kwa watoto chama kilichotajwa hakipendekezi kipimo cha nyumbani. Kipimo chao ni cha maabara, na viwango vyao ni tofauti, kwani hata mara 1 kwa saa huhesabiwa kuwa si kawaida. Hatua ya kwanza ya mzazi ni kumwona daktari wa masikio, pua na koo, ambaye mara nyingi huona tatizo kwa kuangalia koo tu. Mtoto mwenye selimundu apewe kipaumbele, kwa sababu kushuka kwa oksijeni usiku ni hatari zaidi kwake, na mzazi ataje kukoroma huko kila anapohudhuria kliniki.

Gharama zisizoandikwa kwenye risiti

Inaelezwa kila mahali kuwa kipimo cha nyumbani ni nafuu na rahisi. Kwa mkazi wa mjini ni kweli. Kwa mkazi wa kata iliyo mbali, kifaa kinachochukuliwa jioni na kurudishwa asubuhi kina maana ya safari mbili, au ya kulala kwa ndugu mjini. Akilala sebuleni kwa shemeji, kwenye godoro asilolizoea, faida ya kupimwa katika kitanda chake imekwisha. Akirudi nacho kijijini, ajue kwamba kumbukumbu zikionyesha saa chache mno kipimo hurudiwa. Kinachotakiwa ni angalau saa 4 za kumbukumbu safi za hewa na oksijeni katika muda wake wa kawaida wa kulala. Maabara ni ghali zaidi kwa usiku mmoja, lakini huo mmoja unaweza kutosha. Katika baadhi ya maabara, mgonjwa anayeonekana wazi kuwa na ugonjwa katika nusu ya kwanza ya usiku huvalishwa mashine ya matibabu katika nusu ya pili, na huondoka akiwa amepimwa na kupangiwa nguvu ya hewa anayohitaji.

Kabla ya kusafiri, mgonjwa au ndugu yake apige simu hospitali anayopelekwa na kuuliza mambo machache: ni kipimo cha aina gani wanachotoa, kifaa kinaweza kukaa siku ngapi, kama kuna fedha ya dhamana, bei ya kurudia ikiwa kimeshindikana, na majibu hutoka baada ya muda gani. Mwenye bima ya afya aulize mapema kama kipimo na mashine ya matibabu vimo katika kitita chake, kwani moja linaweza kuwamo na jingine lisiwemo. Barua ya rufaa kutoka kwa mganga mfawidhi au hospitali ya wilaya ibebwe pamoja na orodha ya dawa, vipimo vya shinikizo la damu vya karibuni na matokeo ya dodoso.

Kwa wanaokwenda maabara, nywele zina umuhimu usiotarajiwa. Vibandiko vya kichwani vinahitaji kugusa ngozi katika sehemu kadhaa, hivyo mwenye wigi, nywele za kushonea au misuko iliyobana aulize kabla, asije akaambiwa afumue usiku huo. Nywele zisipakwe mafuta siku hiyo. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mtaalamu wa kike atoe ombi hilo siku ya kuweka miadi. Kwa vipimo vyote viwili, rangi ya kucha, kucha za bandia na piko viondolewe au viepukwe kwenye vidole vitakavyotumika, kwani huzuia mwanga wa kibanio. Pombe isinywewe, kahawa na chai viachwe tangu mchana, na dawa za kawaida ziendelee isipokuwa daktari ameagiza vingine. Anayelala na mtoto mchanga kitandani apange mtoto alale kwingine usiku huo. Mikono midogo hupenda nyaya. Mlinzi au mfanyakazi wa zamu ya usiku aeleze ratiba yake, ili apimwe katika saa anazolala kweli, hata kama ni mchana.

Baada ya majibu

Tiba hutegemea ukali. Kupunguza uzito husaidia: utafiti wa muda mrefu wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa kupungua kwa asilimia 10 ya uzito kuliendana na kupungua kwa asilimia 26 ya mara za pumzi kukatika. Kulala kwa ubavu, kuacha pombe ya usiku na kuepuka vidonge vya usingizi visivyoandikwa na daktari ni hatua ambazo hazina gharama. Kwa ugonjwa wa kati na mkali, tiba kuu ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Profesa Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia. Mashine hii, tofauti na kifaa cha kupimia, huhitaji umeme kila usiku. Mkazi wa eneo ambalo umeme hukatika mara kwa mara aulize kuhusu aina inayoweza kutumia betri au umeme wa jua kabla hajailipia.

Aliyepimwa nyumbani na kuambiwa hana ugonjwa, huku mkewe bado akiamka usiku kuhesabu pumzi zake, arudi kwa daktari aliyempa rufaa akiwa na karatasi ya majibu. Aombe kuelezwa kifaa kilirekodi saa ngapi na yeye anakadiria alilala ngapi. Kama dalili zipo na alama zake za dodoso ni 5 au zaidi, rufaa ya maabara ni haki yake na si usumbufu kwa daktari. Nakala ya majibu ihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki, kwa kuwa itahitajika siku atakapofanyiwa upasuaji wowote: mtaalamu wa dawa ya nusukaputi anapaswa kujua kuwa koo la mgonjwa huyu hujifunga akilala.

Rufaa inaweza kuchukua muda. Katika kipindi hicho dereva anayesinzia amweleze mwajiri wake na aombe kuondolewa safari za usiku na za masafa marefu. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Macho yakianza kuwa mazito, gari lisimamishwe mahali salama na dereva alale dakika 15 hadi 20 kabla ya kuendelea, akijua kuwa nafuu hiyo ni ya muda mfupi tu. Mwendesha bodaboda afanye vivyo hivyo kijiweni, na abiria anayemwona dereva wake akisinzia ana kila sababu ya kuomba ashushwe.

Maswali manane ya dodoso yanaweza kuulizwa katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Anayekwenda aongozane na mtu anayemsikia akilala.